Mambo ya Nyumbani: Mfarishi wa Mkono na Gurudumu la Cherehani

Ziko nyumba ambazo ndani yake umo mfarishi usiomfunika mtu. Umekunjwa vizuri chini ya sanduku, pamoja na nguo za sikukuu, na kila mwaka hutolewa, hutazamwa, husifiwa, kisha hurudishwa mahali pake. Sababu ni kwamba haujawa mfarishi bado. Ni uso wake tu. Vipande vya kanga zilizochakaa, mabaki ya sare za shule, pindo la gauni la arusi, vyote vimeunganishwa kwa sindano ya mkono, jioni baada ya jioni, hata vikawa kitambaa kimoja kikubwa. Aliyeushona alitumia mwaka mzima, pengine miwili. Kazi iliyobaki ni kuutia pamba na bitana, kuzishika tabaka zote tatu kwa mishono, na kuuzungushia upindo. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa maana kupenyeza sindano ya mkono katika tabaka tatu, kutoka ukingo hadi ukingo, ni mwaka mwingine wa taabu. Na wakati huo huo cherehani imesimama pembeni mwa chumba, imefunikwa kitambaa cha maua, ikingojea suruali ya kutiwa kiraka.

Ichukuliwe nyumba ya karani mmoja katika nchi ya baridi, kama Limuru au Molo. Mtoto wake wa kwanza amepata nafasi katika shule ya bweni, naye hana budi kwenda na matandiko yake kabla ya baridi ya Juni na Julai kuanza. Blanketi lipo moja, na la pili halijapatikana, kwa kuwa karo imekwisha kuumaliza mshahara. Bibi yake autoa ule uso wa mfarishi sandukuni, autandaza kitandani, na kutazama cherehani. Mama mkwe, aliyekuja kuwaaga wajukuu, anayaona macho hayo yalikoelekea.

"Mwanangu," asema, "ukiupitisha humo, ni nani atakayesema tena kwamba ni kazi ya mikono yako?"

Bwana naye, akiwa mlangoni na kofia yake mkononi, atoa shauri lake. "Mama watoto, nipe niupeleke kwa fundi pale sokoni. Ataumaliza kwa siku moja."

"Hapana, baba watoto. Na uvumilie kidogo," ajibu bibi, kisha aukunja na kuurudisha. Na mtoto aenda shuleni na blanketi moja.

Maneno ya mama mkwe yastahili kujibiwa kwa heshima, maana hayakutoka katika ujinga. Mtu aliyeona kazi ya mkono ikithaminiwa, kisha akaona bidhaa za viwanda zikiipita sokoni kwa bei rahisi, ana haki ya kuuogopa mtambo. Lakini historia ya kazi hii yenyewe haiungi mkono hofu hiyo. Elias Howe wa Marekani alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa cherehani ya nyuzi mbili mwaka 1846, na Isaac Singer akapata ya kwake mwaka 1851. Tangu mwaka 1856 kampuni ya Singer ikaanza kuuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo, hata wenye kipato cha wastani wakaweza kuziingiza nyumbani. Wanawake walioshona mifarishi hawakuziacha pembeni. Walizitumia kuunga vipande, kushona upindo, na pengine kuzishika zile tabaka tatu pia, wala hawakuona kwamba kazi imeacha kuwa yao.

Mfano ulio bora ni wa mama mkulima aitwaye Harriet Powers. Alizaliwa mwaka 1837 katika utumwa, karibu na mji wa Athens katika jimbo la Georgia, nchi ya pamba. Baada ya watumwa kuwekwa huru yeye na mumewe Armstead walipata shamba dogo lao wenyewe. Huko akashona mfarishi wenye picha 11 za Biblia, kila moja katika mraba wake: Adamu na Hawa bustanini, Kaini akimwua Habili, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Yesu, Yuda na vile vipande 30 vya fedha, na nyinginezo. Mwaka 1886 aliupeleka katika maonyesho ya pamba mjini Athens. Mwalimu mmoja wa sanaa, Mzungu, jina lake Jennie Smith, aliuona akataka kuununua. Powers akakataa kabisa.

Miaka michache ikapita, na hali ya maisha ikawa ngumu. Karibu na mwaka 1891 Powers alifika mlangoni kwa mwalimu yule kwa gari la ng'ombe, na mfarishi umo mapajani mwake, umefungwa katika mfuko safi wa unga, na mfuko huo ndani ya gunia. Alitaka dola 10. Mwalimu alikuwa na dola 5 tu. Powers akatoka nje kwenda kushauriana na mumewe garini, kisha akarudi akazipokea dola 5. Kabla ya kuondoka alieleza picha moja baada ya moja, na mwalimu akayaandika maelezo hayo. Na baadaye mama huyo alirudi mara kadhaa ili autazame tu mfarishi wake. Alifariki mwaka 1910. Mfarishi huo umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la taifa huko Washington, na wataalamu walioukagua wameona mishono ya mkono na mishono ya cherehani, yote miwili, katika kitambaa kimoja. Basi mwanamke aliyeshindwa kuuacha mfarishi wake hata baada ya kuuuza hakuona haya kuuweka chini ya sindano ya mtambo.

(Pamba ya nchi ile ilifika Afrika Mashariki zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Ililimwa kwa jasho la watumwa wa kusini, ikafumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikapakiwa melini bandarini Salem na kuletwa Unguja. Ndiyo maana kitambaa kile cheupe kisichotiwa rangi huitwa merikani mpaka leo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, ndivyo vilivyoipunguza biashara hiyo. Kwa bitana ya mfarishi hakuna kitambaa kinachoishinda merikani, lakini sharti ifuliwe kwanza, kwa sababu hurudi sana majini.)

Shauri la bwana ndilo lenye hatari zaidi. Fundi wa barazani ni mtu wa kuheshimiwa, naye hushona suruali ya khaki vizuri mno. Lakini cherehani yake imetegwa kwa kazi ya khaki: mishono midogo midogo, uzi uliokazwa, na mguu unaokandamiza kitambaa kwa nguvu. Tena hulipwa kwa kila kazi anayoimaliza, hivyo hana wakati wa kutandaza kitu sakafuni nusu siku kabla ya kukishona. Uso ulioungwa kwa mkono, ukipita katika mtambo uliotegwa hivyo, hutoka umejikunja kama uso wa mzee. Ni afadhali bibi aliyeuanza aumalize mwenyewe katika cherehani ya nyumbani, hata ikiwa ni ile ndogo ya kuzungusha kwa mkono.

Hapo ni lazima kueleza kisa cha mikunjo hiyo, kwa kuwa anayekijua kisa hatahitaji maelekezo mengi. Chini ya sindano yako meno madogo ya chuma, nayo huivuta bitana kwenda nyuma. Juu yako mguu wa cherehani, nao hauvuti; hukandamiza tu. Basi tabaka la chini huenda, na tabaka la juu husukumwa nyuma ya wenzake. Katika kanzu yenye tabaka mbili nyembamba tofauti hiyo haionekani. Katika mfarishi wenye pamba katikati, kwa kila futi moja ya mshono uso unaweza kubaki nyuma kwa upana wa kidole, na ule ujazo unaobaki hujikusanya na kuwa mkunjo. Siku hizi unauzwa mguu wa namna nyingine, wenye meno yake mwenyewe, unaotembea pamoja na meno ya chini. Anayeweza kuupata aupate. Asiyeweza, katika cherehani nyingi upo msumari wa kuzungusha juu ya kichwa cha mtambo, nao hupunguza nguvu ya kukandamiza. Na ulegezwe kidogo, ijaribiwe, ulegezwe tena.

Lakini dawa kubwa ya mikunjo haimo katika cherehani kabisa. Imo sakafuni. Uso na upigwe pasi kwanza, iwe ya umeme au ya makaa, na mishono yake ilazwe upande mmoja, isifunguliwe kuelekea pande mbili. Mshono wa mkono una nafasi kati ya tundu na tundu, na ukifunguliwa pamba itachungulia. Bitana ikatwe iwe kubwa kuliko uso kwa inchi 3 au 4 kila upande. Itandazwe sakafuni, upande wake mzuri ukitazama chini, nayo ivutwe sawasawa na kushikwa kwa gundi ya karatasi au mawe mazito pembeni, bila kunyooshwa kama ngozi ya ngoma. Juu yake pamba; juu ya pamba uso. Kisha zishikizwe zote tatu kwa mishono mirefu ya mkono, kuanzia katikati kwenda nje, mstari kwa mstari, kila mstari ukiwa mbali na mwenziwe kwa kadiri ya inchi 4. Pini za kufungia nepi za mtoto hufaa pia, nazo ni za haraka zaidi, lakini lazima ziondolewe moja moja kabla ya kufikiwa na sindano.

Kazi hii ya kushikiza huchosha magoti, na ndiyo wengi huifanya nusu. Mtu ajuaye kwamba atafanya haraka mahali fulani asifanye haraka hapa.

Kuhusu pamba yenyewe, mengi hutegemea fuko la nyumba. Pamba iliyotengenezwa maalum kwa mifarishi huuzwa mijini. Blanketi kuukuu lililofuliwa vizuri hufaa sana, nalo lina faida moja kubwa: halihami. Kwa hiyo mistari yake ya mishono yaweza kuachana hata inchi 6. Pamba tupu iliyochambuliwa ni rahisi na ina joto, lakini isipofungwa kwa mistari ya kila inchi 2 hivi, siku ya kufuliwa itakusanyika pembeni kama uji ulioganda. Nyumba ya mkulima ambayo ina blanketi lililotoboka katikati ina kijazo cha mfarishi tayari.

Sasa cherehani. Itiwe sindano mpya, namba 14, ambayo katika pakiti nyingine huandikwa 90. Sindano butu haipenyi, bali husukuma, na kusukuma ndio mwanzo wa mikunjo. Mshono urefushwe uwe 8 hadi 10 kwa inchi moja. Kabla ya kuugusa mfarishi, vichukuliwe vipande vidogo vya vitambaa vile vile na pamba ile ile, vishonwe, kisha vigeuzwe. Ikiwa vitanzi vya uzi vyaonekana upande wa chini, kosa ni la uzi wa juu: umelegea, au haukupitishwa njia yake sawasawa. Watu wengi hukimbilia kuikaza bobini, nao huharibu kilichokuwa kizima.

Mstari wa kwanza upite katikati kabisa, kutoka juu hadi chini, na inayofuata ielekee pembeni. Nusu ya mfarishi itakayopita chini ya mkono wa cherehani ikunjwe kama jamvi. Hakuna njia nyingine, kwa sababu nafasi pale ni ndogo. Mistari yote na ianzie upande ule ule. Mmoja ukishuka na wa pili ukipanda, kitambaa baina yake huvutwa huku na huku, na mshazari mbaya hutokea ambao pasi haiwezi kuuondoa.

Yafaa kutaja hapa kwamba kuanzia katikati ni sheria ya mtambo, si sheria ya mifarishi yote duniani. Huko Karnataka katika Bara Hindi wamo Wasidi, watu ambao baba zao wa kale walitoka Afrika, na wengi wao pwani hizi za mashariki. Wanawake wao hushona mifarishi ya viraka iitwayo kawandi, kwa mkono mtupu, nao huanzia ukingoni na kuzunguka kuelekea ndani mpaka katikati. Mkono waweza kufanya hivyo kwa kuwa huhisi kila mkunjo kabla haujawa mkunjo, na kuutia mahali pake. Cherehani haihisi kitu.

Na mishono ipite wapi juu ya uso ulioshonwa kwa taabu yote ile? Hapa ndipo jibu la kweli kwa mama mkwe. Sindano na ifuate ule ufa mwembamba ambamo kipande kimoja hukutana na kingine, upande ule usiolaziwa mshono, ambao uko chini kidogo. Uzi wa rangi iliyopoa huzama humo, na mtu akiutazama mfarishi kutoka juu ataona vipande na kazi ya mkono. Mstari wa mtambo atauona akiugeuza. Haifai kabisa kupita juu ya maua au picha zilizodariziwa. Mahali pa namna hiyo paachwe, na jioni moja pashikwe kwa sindano ya mkono.

Mwenye cherehani ya miguu ana bahati, maana mikono yake yote miwili imebaki huru kukilaza kitambaa huku na huku. Ile ya kuzungusha huchukua mkono wa kuume, na mkono wa kushoto peke yake hautoshi kuongoza mfarishi wa kitanda. Kwa hiyo atafutwe mtu wa pili wa kuzungusha. Bwana aliyetaka kuupeleka kwa fundi anafaa sana kwa kazi hiyo, ikiwa atakubali kuzungusha polepole na kusimama anapoambiwa simama. Meza isogezwe iwe upande wa kushoto, au viti viwili, ili uzito wa mfarishi usining'inie; uzito ukivuta, sindano hupinda, hugonga chuma, huvunjika. Mwisho wa kila mstari nyuzi zisikatwe karibu. Ziachwe ndefu, zifungwe fundo, zitiwe katika sindano ya mkono na kufichwa ndani ya pamba.

Upindo huhitaji hesabu, na hesabu ifanywe kabla ya kwenda dukani. Mfarishi wa inchi 60 kwa 80 una mzunguko wa inchi 280. Ziongezwe inchi 12 kwa pembe na maungio, jumla ni 292. Kitambaa chenye upana wa inchi 42 kikikatwa mikanda ya inchi 2 na nusu, mikanda 7 ingekuwa 294, lakini kila kiungo hula sehemu yake. Basi ikatwe 8, ambayo ni inchi 20 za kitambaa. Mikanda huungwa, hukunjwa kati kwa urefu na kupigwa pasi, halafu hushonwa kwa cherehani upande wa uso, robo inchi kutoka ukingoni. Robo inchi kabla ya kufika pembeni mshono husimama. Mkanda hukunjwa kwenda juu, hushushwa tena sawa na ukingo wa pili, ndipo kazi huendelea. Mara ya kwanza pembe hukataa. Ifumuliwe tu.

Kisha mkanda hupinduliwa nyuma na kushonwa juu ya bitana kwa mkono, kwa kastabini na mishono midogo isiyotokea usoni. Wapo wanaoumaliza upande huo pia kwa cherehani, na upindo wao ni imara kwa kufuliwa, lakini mstari wa juu mara nyingi hukosea njia. Kwa mfarishi ambao uso wake ulishonwa kwa mkono, siku mbili tatu za upindo si nyingi.

Limebaki jambo moja dogo. Nyuma, katika pembe ya bitana, kishonwe kipande cha merikani chenye jina la aliyeshona, jina la mtoto atakayelalia, na mwaka. Maandishi ya wino wa kawaida hutoka katika mafuo machache. Yashonwe kwa uzi mweusi, herufi kubwa. Katika bweni lenye vitanda vingi, siku ya kuanika matandiko, mwalimu wa zamu atataka kujua mfarishi huu ni wa nani.